Magari ya kale: Thamani haimo katika mng'ao pekee

TANGU mwaka wa 1970, chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo nchini kilipoanzisha mashindano ya Africa Concours d'Elegance, wapenzi wa magari ya kale wamekuwa na siku yao. Ni siku ambapo gari lililoundwa kabla ya Uhuru huamkiwa kwa heshima kama mzee wa ukoo.

Kwa miaka mingi mashindano hayo yamefanyika katika uwanja wa Ngong Racecourse, jijini Nairobi. Jina lake ni la Kifaransa na maana yake ni mashindano ya umaridadi. Husemekana kwamba yalianza wakati matajiri wa Paris walipokuwa wakitembeza magari yao ya kukokotwa na farasi bustanini ili watazamwe na watu. Kwa hiyo, magari ya Nairobi kuegeshwa kwenye nyasi za uwanja wa mbio za farasi ni kama kurudi nyumbani.

Mgeni anayefika hapo kwa mara ya kwanza hupumbazwa na mng'ao. Huona bampa za kromu zinazoakisi mawingu, viti vya ngozi vinavyonukia mafuta, na usukani wa mbao uliopigwa msasa ukawa laini kama kijiti cha mpingo. Hupiga picha, hula nyama choma, hurudi nyumbani. Lakini akiulizwa ni kwa nini pikapu fulani ya Datsun iliipiku Jaguar iliyokuwa kando yake, hana jibu.

Jibu lipo, na halifichwi. Tatizo ni kwamba watazamaji wengi hawaelezwi kinachotazamwa.

Tuanze na jina lenyewe. Si kila gari kuukuu ni gari la kale. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoundwa mwaka wa 1966, huhesabu gari kuwa la kihistoria likiwa limetimiza angalau miaka 30, likiwa limehifadhiwa katika hali iliyo sahihi kihistoria, na likiwa si chombo cha kumpeleka mwenyewe kazini kila siku. Wazungumzaji wa Kiingereza hupambanua zaidi. Kwa Waingereza, gari la "vinteji" ni lile lililoundwa baina ya mwaka wa 1919 na 1930. Yaliyotangulia hapo yana majina yake, na yaliyofuata yana yake pia. Neno "klasiki" halina mpaka ulio thabiti hivyo, na ndilo linalotumiwa ovyo zaidi na wauzaji.

Kwa kipimo hicho cha miaka 30, msomaji atashangaa kugundua kwamba Toyota Corolla iliyomfunza baba yake kuendesha gari huenda tayari imeingia katika kundi la magari ya kihistoria.

Katika mashindano ya Nairobi, magari hayashindani yote kwa pamoja. Hugawanywa katika makundi, mengi yao yakizingatia ujazo wa injini, na pikipiki zina makundi yake. Gari dogo hushindanishwa na gari dogo. Kisha waamuzi hulipitia kila gari sehemu baada ya sehemu: rangi na bodi, sehemu ya ndani, injini, buti, magurudumu, taa na honi. Gari hupandishwa pia kwenye jukwaa lililoinuliwa ili waamuzi wapate kulichungulia kutoka chini.

Hapo kwenye jukwaa ndipo wengi huaibika. Mmiliki anaweza kuwa ametumia wiki nzima kuisugua boneti, lakini tope la msimu wa masika likawa bado limejificha nyuma ya tangi la petroli. Mwamuzi hana haja ya maneno mengi. Hupitisha kidole, hukitazama, huandika.

Mashindano haya basi hupima usafi na ukamilifu, wala hayapimi bei. Ndiyo sababu mtu mwenye gari la kawaida, mwenye subira na mswaki wa meno wa kusugulia vishubaka vya injini, anaweza kumshinda tajiri aliyetoa gari kwenye gereji asubuhi hiyo hiyo. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo la haki zaidi katika shughuli nzima, na ndilo linalowafanya wenye Beetle na Peugeot warudi mwaka baada ya mwaka.

Hata hivyo, kipimo hicho kina kasoro yake. Gari linaweza kung'aa kupita lilivyowahi kung'aa siku lilipotoka kiwandani. Rangi hupakwa tabaka juu ya tabaka, viti vikashonwa upya kwa ngozi ambayo muundaji hakuwahi kuitumia, injini ikapakwa kromu pasipohitajika. Gari hilo ni zuri, lakini limekuwa gari jingine.

Duniani mjadala huu ni mkubwa. Katika mashindano ya Pebble Beach huko California, yaliyoanza mwaka wa 1950 na ambayo huhesabiwa kuwa kilele cha aina yake, ushindi mkuu kwa miaka mingi ulienda kwa magari yaliyokarabatiwa hadi yakawa kama mapya. Mnamo 2024 mambo yaligeuka. Tuzo kuu ilichukuliwa na Bugatti Type 59 ya mwaka wa 1934, ambayo iliwahi kumilikiwa na Mfalme Leopold wa Tatu wa Ubelgiji, na ambayo rangi yake imechujuka na kubanduka hapa na pale. Ilikuwa mara ya kwanza kwa gari ambalo halijakarabatiwa kupewa taji hilo.

Sababu ni nyepesi kueleweka. Gari linaweza kukarabatiwa mara kumi, lakini huwa katika hali yake ya asili mara moja tu. Rangi iliyopulizwa kiwandani, mshono wa fundi wa enzi hizo, alama ya kiatu cha dereva kwenye pedali ya klachi, vyote hivyo ni ushahidi. Fundi akivikwangua, hakuna pesa za kuvirudisha.

Basi mpenzi wa magari atazame nini anapozunguka uwanjani?

Kwanza, nafasi iliyo kati ya mlango na bodi. Isimame sawasawa kutoka juu hadi chini. Ikiwa pana juu na finyu chini, huenda gari liliwahi kugongwa, au chesisi yake imelegea. Kisha achutame aangalie ubavu wa gari kwa mshazari, jua likiwa mbele yake. Bodi iliyonyooka huakisi mstari ulionyooka, na ile iliyojazwa lipu huakisi mawimbi, kama bati la nyumba.

Vioo navyo husema. Watengenezaji wa vioo kama Triplex na Sekurit walichora alama zao pembeni. Gari ambalo vioo vyake vyote vina alama ya aina moja pengine halijapata ajali kubwa. Kikiwamo kimoja kisichofanana na wenzake, hapo pana hadithi ya kuulizwa.

Zipo pia skrubu. Mtu anayekarabati kwa haraka hutumia skrubu zozote zilizo karibu, na mtu makini hutafuta zile zile za zamani, hata kama ni za kichwa cha mkato mmoja zinazochosha mkono. Ni jambo dogo, lakini waamuzi waliobobea huanzia hapo.

Wanunuzi wa magari ya kale hutembea na sumaku ndogo mfukoni. Sumaku hunata kwenye chuma, lakini huteleza palipojazwa lipu. Hata hivyo, mbinu hii ni ya gereji na kwa idhini ya mwenye gari. Atakayebandika sumaku kwenye gari la mtu pale Ngong Racecourse ajue atafukuzwa, na atakuwa amestahili. Wala haifui dafu kwa Land Rover za mwanzo. Gari hilo lilipozinduliwa mwaka wa 1948, chuma kilikuwa adimu Uingereza kutokana na vita, hivyo paneli zake nyingi zikaundwa kwa aloi ya alumini. Hii ndiyo sababu unaweza kuona Land Rover ya miaka ya hamsini ikiwa na bodi nzima isiyo na kutu, ilhali chesisi yake ya chuma, iliyojificha chini, imeliwa ikawa kama mhindi uliobunguliwa na wadudu.

Adabu ya uwanjani ni nyepesi: usiguse, usiegemee, na ikiwa umevaa mshipi wenye kifungo cha chuma, usikaribie mno. Mikwaruzo mingi husababishwa na watu wema waliotaka kuchungulia dashibodi. Bora kumwendea mwenye gari na kumwuliza. Wengi wao ni wazee, na hawachoki kueleza. Swali la "Mzee, gari hili ni pesa ngapi?" humnyima mtu mazungumzo. Swali la "Mzee, rangi hii ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani?" humfungulia boneti.

Na boneti ikifunguliwa, mtazamaji aliyezoea magari ya siku hizi hushangaa kuona nafasi iliyomo. Hakuna kompyuta, wala vifuniko vya plastiki. Kabureta huchanganya petroli na hewa, distribyuta hugawa umeme kwa plagi kwa zamu, na makosa karibu yote yanaweza kutafutwa kwa bisibisi, spana na sikio. Kwa Volkswagen Beetle, mgeni atafungua mbele akute buti, na akienda nyuma akute injini isiyo na rejeta, kwa kuwa hupozwa kwa hewa. Gari hilo liliundwa kwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka katika kiwanda cha Puebla, Mexico, Julai 2003.

Kuna ugumu mmoja ambao haukuwapo zamani. Injini nyingi za kale ziliundwa zikitegemea petroli iliyotiwa madini ya risasi. Madini hayo yalikuwa sumu kwa watu, watoto hasa, lakini pia yaliacha utando mwembamba uliokinga mahali ambapo vali hukalia kila inapofunga. Kenya iliacha kuuza petroli hiyo kufikia mwaka wa 2006, pamoja na mataifa mengine ya Afrika kusini mwa Sahara, na ilikuwa heri. Kwa mwenye gari la kale, maana yake ni kwamba lazima aweke viti vya vali vya chuma kigumu zaidi, au aongeze dawa maalumu kwenye tangi, au aendeshe polepole akijua kwamba injini inajila taratibu.

Marekebisho kama hayo hayaharibu uhalisi wa gari, na mwamuzi mwenye busara hayahesabu kuwa kosa. Gari ambalo haliwezi kutembea ni samani.

Lipo jambo jingine ambalo wageni kutoka ng'ambo huliona upesi kutuzidi sisi wenyeji. Magari ya kale ya Afrika Mashariki yana historia ambayo yale ya Ulaya hayana. Mnamo 1953, mbio za Coronation Safari ziliandaliwa kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndizo zilizokuja kuitwa Safari Rally. Watu wa kawaida waliingia kwa magari ya kawaida, na barabara ndiyo iliyokuwa mwamuzi.

Mwaka wa 1963 magari 84 yaling'oa nanga, yakamaliza saba pekee. Mshindi alikuwa Nick Nowicki kwa Peugeot 404. Gari la aina hiyo hiyo lilishinda tena mwaka wa 1966 na 1967 likiwa na Bert Shankland, na mwaka wa 1968 likiwa tena na Nowicki, katika mwaka mwingine ambao waliofika mwisho walikuwa saba tu. Katikati yake, mwaka wa 1965, Joginder Singh na nduguye Jaswant walitwaa ushindi kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa hata mpya. Lilikuwa gari la mtumba, lililokwisha kushiriki Safari ya mwaka uliotangulia.

Raia waliona. Ukimwuliza mzee yeyote wa eneo la kati ni kwa nini Peugeot ilitawala uchukuzi wa abiria miaka ile, hatakutajia tangazo la gazetini. Atakuambia kwamba watu walisimama kando ya barabara wakaona ni gari lipi lililotoka kwenye tope. Vivyo hivyo kwa Datsun, iliyoshinda mwaka wa 1970 na 1971 kupitia Edgar Herrmann, kisha mwaka wa 1973 kupitia Shekhar Mehta, aliyekuja kushinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Tangu 2003, magari ya rika hilo yamepata mbio zao wenyewe, East African Safari Classic, zilizoanzishwa katika maadhimisho ya miaka 50 ya Safari. Anayetaka kuona gari la kale likifanya kazi lililoundiwa, badala ya kusimama nyasini, na aende akasimame kando ya barabara ya vumbi siku hiyo.

Ni kwa sababu ya historia hii ninapendelea Peugeot 404 yenye mikwaruzo iliyobeba abiria kutoka Nyeri kuliko gari la kifahari lililoletwa kwa meli likiwa limekwisha kung'arishwa. La kwanza likipotea, hakuna nchi nyingine inayoweza kutuuzia jingine kama hilo.

Nayo yanapotea. Kanuni za uagizaji hapa nchini kwa kawaida haziruhusu gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hivyo hazina yetu ya magari ya kale ni ile iliyokwisha kuwapo. Kila mwaka baadhi yake hukatwakatwa kwa gesi na kuuzwa kwa kilo kama vyuma vikuukuu. Mara nyingi hutokea baada ya mazishi. Mzee amefariki, gari limekaa chini ya mwembe miaka 15, watoto wanataka kusafisha boma, na mnunuzi wa vyuma yuko langoni na pesa taslimu.

Hata serikali haijasalimika na tabia hii. Mnamo 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya. Kufikia 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalikuwa yamekamilika. Mradi ulikufa kabla ya kufika sokoni. Hayo matano yalikuwa na haki ya kutunzwa kama vito, lakini kwa miaka mingi yalitajwa kwa dhihaka tu, kana kwamba gari lililoshindwa kibiashara si historia.

Wanaopotea pia ni mafundi. Mtu anayejua kusawazisha kabureta mbili kwa kusikiliza mvumo kupitia mpira mwembamba sikioni, au kunyoosha bampa bila kupasua kromu, si kijana. Wapo bado Nairobi, Nakuru na Mombasa, na baadhi ya maduka ya Kirinyaga Road hutoa vipuri ambavyo vingine vyote vimekwisha duniani. Lakini wanafunzi wao hujifunza magari yenye kompyuta, kwa kuwa ndiyo yaletayo riziki. Huwezi kuwalaumu.

Mwenye gari la namna hiyo nyumbani asikimbilie fundi wa rangi. Hilo ndilo kosa la kwanza, na ndilo ghali zaidi. Atafute kwanza hati ya usajili, kisha alinganishe nambari ya chesisi na ya injini na zile zilizoandikwa humo. Gari ambalo nambari zake bado zinawiana lina thamani kubwa kuliko lililobadilishiwa injini. Ikiwa hati iko kwa jina la marehemu, gari liorodheshwe katika mali ya urithi mapema, kabla ya ndugu kutofautiana, maana gari lisilo na hati halali haliwezi kuingia barabarani hata likarabatiwe vipi.

Baada ya hapo, aliinue juu ya matofali ili magurudumu yasiguse ardhi, amwage petroli kuukuu iliyomo tangini, atoe betri, na aliezekee paa litakalolikinga na mvua huku hewa ikipita. Turubai la plastiki lililofungwa kwa kubana halifai, kwani hutunza unyevu na kuozesha chuma kuliko mvua yenyewe. Asitupe kitu. Kifuniko cha taa kilichovunjika ni kielelezo cha kutafutia kingine. Risiti za gereji za mwaka wa 1972, stika ya bima iliyochakaa kiooni, hata picha ya mama akiwa ameegemea boneti siku ya harusi, zote ziwekwe katika bahasha moja.

Kisha aende kwenye maonyesho, na aende asubuhi. Kufikia alasiri umati huwa mkubwa, muziki huwa juu na wenye magari wamechoka. Asubuhi, waamuzi wakiwa bado wanazunguka na karatasi zao, unaweza kusimama nyuma yao kwa heshima, ukafuata macho yao yanakokwenda, na ukamwona mwenye gari akihesabu pumzi pindi mmoja wao anapoinama kuchungulia nyuma ya gurudumu la akiba.